Eafoni za boksini zimekuchosha? Anza na dalili kabla ya kununua nyingine

Mtu akiniuliza anunue eafoni gani, simjibu papo hapo. Namuuliza kwanza: hizo zilizokuja na simu yako zina ubaya gani hasa? Jibu la "mbaya tu" halinisaidii, na yeye halimsaidii pia. Mwenye eafoni zinazodondoka masikioni ana shida moja. Mwenye eafoni ambazo besi yake haisikiki ana nyingine, ingawa mara nyingi chanzo ni kilekile. Mwenye eafoni zilizokufa upande mmoja huenda hana shida ya eafoni kabisa. Wote watatu wakienda kununua zilezile "nzuri" walizosifiwa na rafiki, mmoja atafurahi na wawili watarudi na malalamiko yao, safari hii wakiwa wametumia fedha nyingi zaidi.

Eafoni za boksini hutengenezwa zimtoshe kila mtu kidogo na zisiongeze gharama ya simu. Simu nyingi siku hizi haziji nazo hata hizo: Apple iliacha kuziweka kwenye maboksi ya iPhone mwaka 2020, na watengenezaji wengine wengi wakafuata. Kwa hiyo kuchagua ni lazima. Ila kasoro ya zile za zamani ndiyo inayokutajia cha kununua, na mara nyingine inakuambia usinunue kitu.

Anza na jaribio la dakika mbili. Chomeka eafoni zako kwenye simu ya mtu mwingine, kisha za kwake kwenye simu yako. Tumia wimbo mmoja uliokwisha kuhifadhiwa ndani ya simu, maana programu za kutiririsha muziki hupunguza ubora zenyewe mtandao ukilegea, nawe ukailaumu eafoni isiyo na hatia. Kasoro ikihama pamoja na eafoni, endelea kusoma. Ikibaki kwenye simu, anza kushughulika na simu.

Upande mmoja kimya, au sauti inakatika ukigusa waya

Geuza pande: ya kulia ivae kushoto, ya kushoto kulia. Kimya kikihama, kosa liko kwenye eafoni au kwenye simu. Kimya kikibaki kwenye sikio lilelile, basi ni sikio lako, na mara nyingi ni nta iliyoziba. Hapo wa kumwona ni mhudumu wa afya, wala si muuza eafoni. Usichokonoe.

Pili, fungua mipangilio ya simu sehemu ya ufikivu (Accessibility). Humo kuna mstari wa kugawa sauti kati ya kushoto na kulia, nao huweza kusukumwa pembeni bila mtu kujua, hasa simu ikichezewa na watoto.

Tatu, mulika tundu la simu kwa tochi. Pamba na vumbi la mfukoni hushindiliwa na pini kila unapoichomeka, hadi zinakuwa tabaka gumu chini kabisa. Pini haifiki mwisho, mguso mmoja unakosa kukutana na mwenzake, na upande mmoja unanyamaza. Niliwahi kutupa eafoni mbili mfululizo kabla sijagundua kwamba simu yangu ilikuwa imebeba pamba ya suruali kwa miezi. Kikulacho ki nguoni mwako, kweli kabisa. Zima simu, chukua kijiti cha meno cha mbao, zungusha taratibu pembeni mwa tundu na utoe uchafu. Usitumie sindano wala kitu chochote cha chuma.

Nne, angalia kile kiwavu kidogo mbele ya eafoni. Kikipakwa nta, sauti hufifia polepole kiasi kwamba hushtuki hadi siku unapolinganisha na upande wa pili. Elekeza kiwavu chini ili uchafu udondoke nje, kisha piga kwa mswaki mkavu na laini. Maji na spiriti vikiingia ndani huongeza tatizo.

Kama yote hayo ni safi na sauti bado inakuja na kupotea ukikunja waya, waya umekatika ndani. Hukatika karibu na pini au pale unapogawanyika kwenda masikio mawili, kwa sababu hapo ndipo unapokunjwa kila siku. Kuunga tena inawezekana, lakini nyuzi za ndani ni nyembamba mno na zimepakwa rangi ya kuzuia umeme ambayo lazima iunguzwe kwanza ndipo risasi ishike. Kwa eafoni za boksini, kazi hiyo haina faida.

Hapo ndipo dalili inapokuchagulia. Kama wewe ni mtu wa kukata nyaya, tafuta eafoni ambazo waya wake unachomoka na kubadilishwa. Zipo za aina mbili kuu: zenye kifungio cha duara kinachozunguka, kiitwacho MMCX, na zenye vijipini viwili, mara nyingi vya unene wa milimita 0.78. Waya ukifa, unanunua waya peke yake. Kama unaweka simu mfukoni ikiwa imechomekwa, pini iliyopinda kama herufi L huvumilia zaidi kuliko iliyonyooka.

Hazina besi

Haya ndiyo malalamiko ninayoyasikia kuliko yote, na ndiyo yanayofanya watu wanunue vibaya kuliko yote.

Jaribu hivi. Cheza wimbo wenye ngoma nzito au gitaa la besi. Sukuma eafoni zote mbili ndani ya masikio kwa vidole, taratibu, bila kuumiza. Besi imetokea ghafla? Basi ilikuwepo tangu mwanzo, ila ilikuwa inavuja.

Ndani ya eafoni kuna kiwambo chembamba, ndugu mdogo wa ngozi ya ngoma, kinachosukumwa mbele na nyuma na koili iliyokaa ndani ya uga wa sumaku. Ili kiwambo kidogo hivyo kitoe mdundo, lazima kisukume hewa iliyofungwa kati yake na ngoma ya sikio. Hewa ikipata upenyo, masafa ya chini ndiyo yanayokimbia kwanza, hasa yale yaliyo chini ya hezi mia na kidogo. Sauti za juu hazijali sana upenyo. Matokeo yake ni muziki mwembamba kama unaotoka kwenye redio ndogo ya jirani. Eafoni nyingi za boksini ni za plastiki ngumu, huning'inia tu mlangoni mwa sikio na hazizibi kitu. Hata zingekuwa na kiwambo bora kuliko vyote, bado zingevuja.

Kwa hiyo cha kutafuta si eafoni zilizoandikwa "besi ya ziada". Tafuta zinazoingia ndani kidogo na kuziba kwa mipira ya silikoni. Boksi zuri huja na mipira ya ukubwa mitatu au zaidi, na hapa watu wengi hukosea: huvaa ile iliyokuja imeshavalishwa, ya kati, na kuisahau ile mingine kwenye mfuko wake. Ijaribu yote. Usishangae kama sikio la kulia linataka kubwa na la kushoto la kati. Masikio ya mtu mmoja hayalingani daima. Unapovaa, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa upande wa pili, ingiza, kisha achia. Ukisema neno na sauti yako ikasikika kama unaongelea ndani ya mtungi, umeziba sawasawa.

Silikoni ikigoma kabisa, kuna mipira ya sponji. Unaifinya iwe nyembamba, unaiingiza, unaishikilia karibu nusu dakika hadi ivimbe na kulijaza tundu la sikio. Huziba vizuri mno, lakini huchakaa upesi na hunywa nta, kwa hiyo hesabu kwamba utanunua mingine.

Na kama umesukuma kwa vidole na hakuna kilichobadilika? Hapo kweli kiwambo ndicho dhaifu. Kabla hujanunua, ingia kwenye kirekebisha sauti cha simu (equalizer) na upandishe kidogo masafa ya hezi 60 hadi 100. Ikiitikia bila kukwaruza, umeokoa fedha. Ikianza kukwaruza na kutetemeka, imefika mwisho wa uwezo wake.

Kuziba nako kuna karo. Utasikia nyayo zako zikigonga kichwani, utasikia unavyotafuna, na waya ukisugua shati utasikia kama mtu anakuna ukuta. La waya lina dawa nyepesi: upitishe juu ya sikio na kuuteremsha nyuma, au ubane kwa kibanio kwenye kola. La nyayo huvumiliwa tu. Lingine ni zito zaidi: barabarani husikii gari wala baiskeli nyuma yako. Anayetembea au kukimbia kando ya magari ni afadhali abaki na eafoni zisizoziba, au avae zile zinazokaa kwenye mfupa mbele ya sikio na kuacha tundu wazi, akijua kwamba besi yake itakuwa ndogo.

Wapo wasiovumilia kitu chochote ndani ya sikio. Hao waende kwenye hedifoni za kuvaa kichwani zinazolifunika sikio zima. Sheria ya upenyo ni ileile: mkono wa miwani ukipita chini ya mto wa hedifoni, hewa inavuja na besi inapungua. Mvaa miwani ajaribu akiwa na miwani yake, na achague mito laini na minene.

Ala zinasikika lakini mwimbaji amepotea

Dalili hii huwatisha watu, kumbe ni ya kupendeza ukiijua. Muziki upo, mwangwi upo, lakini sauti ya mwimbaji iko mbali kama anaimbia kisimani. Shika kitufe cha maiki kwenye waya na ukibonyeze bila kuachia. Mwimbaji akirudi mbele, jibu umelipata: mguso wa ardhi, yaani njia ya pamoja ya kurudishia umeme, haujaungana.

Pini yenye maiki ina miguso minne: kushoto, kulia, ardhi na maiki. Ardhi ikikatika, spika mbili zinabaki zimeungana mkia kwa mkia, na kinachosikika ni tofauti tu kati ya upande wa kushoto na wa kulia. Mwimbaji kwa kawaida huwekwa sawa pande zote mbili, kwa hiyo tofauti yake ni sifuri, naye hutoweka. Kubonyeza kitufe huunganisha maiki na ardhi, ndiyo maana anarudi.

Sababu ni mbili. Ama pini haijaingia yote (rudi kwenye pamba ya mfukoni, au uvue kava nene la simu linaloizuia), ama eafoni na simu zina mpangilio tofauti wa miguso. Kuna mpango uitwao CTIA, unaotumika kwenye simu nyingi za leo, na wa zamani zaidi uitwao OMTP, ambao unabadilishana nafasi ya ardhi na ya maiki. Kipo kiunganishi kidogo cha kubadilisha mmoja kuwa mwingine. Eafoni haina ubovu, usiitupe.

Lazima nipandishe sauti hadi mwisho

Hapa nenda polepole, kwa sababu kosa la hapa huharibu kitu kisichouzwa dukani.

Jiulize: hali ni hiyo hata chumbani penye utulivu, au ni ndani ya gari na sokoni tu? Kama ni kwenye kelele tu, eafoni zako zina sauti ya kutosha. Kinachokosekana ni ukuta. Eafoni isiyoziba inaruhusu mngurumo wote uingie, nawe unapandisha muziki ili uushinde. Kanuni inayotumiwa na wataalamu wa usalama kazini ni hii: desibeli 85 kwa saa 8, na kila ukiongeza desibeli 3, muda unakatwa nusu. Desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa moja, na ukifika 100 zimebaki dakika 15. Kwa muziki, Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimo cha tahadhari zaidi kwa mtu mzima: desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na 75 kwa watoto. Seli za ndani ya sikio zikifa haziotesheki tena. Sikio la kufa halisikii dawa, wahenga walisema, ingawa hawakuwa wanazungumzia eafoni.

Dawa basi ni kuzuia kelele, na njia ziko mbili. Ya kwanza ni mipira inayoziba, ambayo hupunguza hasa sauti za kati na za juu: mazungumzo, honi, vyombo vinavyogongana. Ya pili ni uzimaji wa kelele kwa umeme: maiki ndogo inasikiliza kelele ya nje, na eafoni inatoa wimbi lililo kinyume chake, mawili yakikutana yanafutana. Njia hii ni hodari kwa mngurumo wa chini usiobadilika, kama injini ya basi, ndege au feni. Kwa mtoto anayelia au watu wanaobishana kiti cha nyuma, haifui dafu. Asiyesafiri mara kwa mara wala kufanya kazi karibu na mashine huenda anaihitaji kidogo kuliko matangazo yanavyomwambia. Na eafoni zenye uzimaji wa kelele lakini mpira usiotosha hazizimi kitu cha maana, kwa hiyo tumerudi palepale kwenye mipira.

Kama sauti ni ndogo hata kwenye utulivu, angalia kwanza kikomo cha sauti kwenye mipangilio. Simu nyingi zinacho, na baadhi huwekwa kikiwa kimewashwa. Halafu angalia namba mbili kwenye boksi la eafoni: ukinzani, unaopimwa kwa omu, na wepesi wa kutoa sauti, unaopimwa kwa desibeli. Kwa simu, omu 16 hadi 32 ni salama. Hedifoni za studio zipo za omu 250, 300 hata 600, na hizo zinataka kikuza sauti chake. Nimemwona mtu akinunua hedifoni za studio za bei kubwa, akazichomeka kwenye simu, akapata mnong'ono.

Kuna mtego kwenye namba ya desibeli. Wengine huipima kwa miliwati moja, wengine kwa volti moja, na hazilinganishiki moja kwa moja. Eafoni ya omu 32 yenye desibeli 100 kwa miliwati ni sawa na desibeli 115 kwa volti. Hedifoni ya omu 300 yenye desibeli 100 zilezile kwa miliwati inafika 105 tu kwa volti. Simu inatoa volti kidogo, kwa hiyo hii ya pili itakuwa chini kwa desibeli 10, na sikio husikia hivyo karibu kama nusu ya sauti. Boksi mbili, namba moja, matokeo mbalimbali.

Sauti inachoma, "s" na "sh" zinakata kama wembe

Tundu la sikio lenyewe hukuza masafa ya karibu na hezi 3,000. Eafoni hafifu hurundika nguvu hapo au juu kidogo ili zisikike "safi" kwa dakika ya kwanza, na baada ya nusu saa kichwa kinauma. Jaribu kirekebisha sauti: shusha eneo la hezi 6,000 hadi 8,000 kidogo kidogo. "S" zikitulia, huna haja ya kununua. Mipira ya sponji nayo hulainisha. Ukilazimika kununua, jaribu kwa sauti ya mtu anayeongea, kama mtangazaji au msomaji, maana ala nyingi huficha ukali na sauti ya mtu huufichua.

Na kumbuka, mara nyingine ukali uko kwenye faili. Wimbo uliobanwa kupita kiasi utachoma kwenye eafoni yoyote, na eafoni bora itakuonyesha uovu wake wazi zaidi.

Masikio yanauma

Maumivu ya mlangoni mwa sikio: ganda ni kubwa kuliko sikio lako, hakuna mipangilio itakayokusaidia, tafuta umbo dogo. Maumivu ya ndani: mpira ni mkubwa, shuka saizi moja. Hedifoni inayobana utosi au nyuma ya taya: vuta mkono wake, ipumzishe usiku kwenye rundo la vitabu lenye upana unaozidi kichwa kidogo. Kuwasha au ngozi kubabuka: acha kuvaa, safisha mipira kwa maji na sabuni ikiwa imevuliwa, ikauke kabisa kabla ya kurudishwa.

Nimehamia zisizo na waya, sasa kuna matatizo mapya

Midomo haiendi sambamba na maneno kwenye video. Sauti ya Bluetooth lazima ifungashwe, isafirishwe, kisha ifunguliwe, na hayo yote huchukua sehemu ya sekunde. Programu nyingi za video huichelewesha picha ili zilingane, ndiyo maana kwenye filamu huoni tatizo. Kwenye michezo ya simu haiwezekani, kwa sababu picha inategemea kidole chako. Mchezaji atafute zenye hali ya mchezo ya kupunguza ucheleweshaji, au abaki na waya. Kwa mchezaji waya bado ni mfalme.

Sauti inakatika ukitembea. Bluetooth hutumia masafa ya gigahezi 2.4, na mwili wa binadamu, uliojaa maji, huyameza. Simu iliyo mfuko wa nyuma kushoto na eafoni inayopokea iliyo sikio la kulia zimetenganishwa na wewe mwenyewe. Hamisha simu mfuko wa mbele, upande wa eafoni hiyo. Wi-Fi ya masafa hayohayo na jiko la maikrowevu navyo huingilia.

Muziki mzuri, lakini mkutano ukianza kila kitu kinageuka kuwa simu ya zamani. Hii si hitilafu. Njia ya Bluetooth inayobeba muziki kwa ubora hupeleka upande mmoja tu. Maiki ikiwashwa, vifaa vingi huhamia njia ya mazungumzo, yenye ubora mdogo kwenda na kurudi. Suluhisho la haraka ni kutumia maiki ya simu au ya kompyuta na kuziacha eafoni zisikilize tu. Mfumo mpya uitwao LE Audio, uliotangazwa mwaka 2020 pamoja na kodeki (mbinu ya kubana sauti ili isafirishwe) ya LC3, umelenga kuondoa kero hii, lakini lazima simu na eafoni zote ziuunge mkono.

Tukiwa kwenye kodeki: usilipie LDAC au aptX kama simu yako haina. iPhone hutuma kwa SBC na AAC tu, kwa hiyo herufi nyingine zote kwenye boksi ni pambo kwa mwenye iPhone.

Zinaisha chaji upesi kuliko zamani. Betri zake ni ndogo mno na hupungua uwezo kadiri zinavyochajiwa. Nyingi haziwezi kubadilishwa. Hili ndilo linalonifanya nimshauri mtu anayetaka kitu cha kudumu miaka mingi afikirie waya kwanza: kiwambo hakizeeki haraka, betri huzeeka.

Simu haina tundu la duara

Adapta za USB-C ziko za aina mbili zinazofanana kwa sura. Moja ina chipu ndani inayogeuza namba kuwa sauti. Hii hufanya kazi kwenye simu nyingi. Nyingine ni waya mtupu, inategemea simu yenyewe itoe sauti iliyokwisha kugeuzwa, na simu nyingi hazitoi. Ndiyo sababu adapta inayofanya kazi kwa rafiki yako inakuwa bubu kwako. Chukua yenye chipu. Ukinunua eafoni zenye pini ya USB-C moja kwa moja, ujue hutaweza kuchaji na kusikiliza kwa wakati mmoja bila kigawanyiko.

Maneno ya kwenye boksi

"Hezi 5 hadi 40,000": sikio la kijana lenye afya husikia takriban 20 hadi 20,000, na kikomo cha juu hushuka kadiri umri unavyopanda. Namba hiyo bila kueleza sauti inashuka kiasi gani kwenye kingo haikuambii kitu. Ukubwa wa kiwambo nao si kipimo cha ubora. Alama za IPX ni za uvumilivu wa maji: IPX4 inavumilia jasho na matone. IPX7 inavumilia kuzamishwa mita moja kwa dakika 30, lakini kipimo ni maji matamu, si bahari wala sabuni, na kisanduku cha kuchajia mara nyingi hakimo kwenye ahadi hiyo.

Nimenunua mpya, na sizipendi

Subiri kabla ya kuzirudisha. Sikio lililozoea eafoni nyembamba kwa miaka miwili litaona zenye besi kamili kuwa nzito na zenye kufubaa. Zitumie siku nne au tano bila kuzigusa za zamani. Kisha zilinganishe, ukihakikisha zote ziko kwenye kiwango kimoja cha sauti, kwa sababu yenye sauti kubwa kidogo huonekana bora hata ikiwa mbovu. Ukirudi kwenye za boksini na kujikuta unazisukuma kwa vidole kutafuta besi, zipe mpya nafasi yake. Ukirudi na ukapumua, badilisha mipira kwanza, halafu urekebishe masafa. Vyote viwili vikishindwa, zirudishe risiti ikiwa bado hai.